Mgeni Asiyetambulika: Kiumbe wa Sayari Nyingine katika Riwaya ya Kiswahili, kwa Kurejelea Walenisi na Soko la Gakoromone

Utangulizi

Bunilizi za kisayansi hazijapata nafasi kubwa katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza aghalabu hupitia riwaya ya kimaadili, ya kihistoria, ya upelelezi na ya kisaikolojia, kisha akafikia majaribio ya Euphrase Kezilahabi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), bila kuulizwa hata mara moja iwapo lugha yake inaweza kumbeba kiumbe aliyeshuka kutoka sayari nyingine. Sababu itolewayo ni kwamba utanzu huo ni wa Wazungu, umezaliwa na viwanda na roketi, na kwamba jamii isiyorusha roketi haina haja ya kuziandikia hadithi. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, lakini ni ya kivivu. Wasimulizi wa Alfu Lela Ulela hawakuwa na zulia lipaalo.

Makala haya yanashughulikia motifu moja tu ya utanzu huo: kiumbe wa sayari nyingine anayeishi miongoni mwa binadamu akiwa amejificha katika umbo lao. Matini ya msingi ni Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Mahali pa mfano ni Gakoromone, soko kubwa la mji wa Meru, ambako ndizi, viazi, maharagwe na kabichi za miteremko ya Mlima Kenya hukutana na wanunuzi wa kila namna. Soko limechaguliwa makusudi. Ni pahali ambapo mgeni haulizwi amefuata nini. Akiwa na fedha mfukoni au gunia mgongoni, ana haki ya kuwapo.

Chimbuko la motifu

Kwa wasomaji wa Magharibi motifu hii ilishika kasi katika miaka ya 1950. Robert Heinlein alitoa The Puppet Masters mwaka 1951, ambamo viumbe mfano wa konokono wasio na kombe hujibandika migongoni mwa watu na kuwatawala akili. Jack Finney akafuata na The Body Snatchers mwaka 1955: jirani, mjomba na hata mke huweza kuwa nakala iliyoota usiku, yenye sura ileile lakini isiyo na hisia. Mwaka 1957 Mwingereza John Wyndham aliandika The Midwich Cuckoos, kuhusu wanawake wa kijiji kimoja wanaopata mimba kwa wakati mmoja na kuzaa watoto wasiofanana na wazazi wao. Hizo zilikuwa zama za Vita Baridi. Nchini Marekani Seneta Joseph McCarthy aliwatafuta wakomunisti ofisini na vyuoni, na wahakiki wengi wameona katika hadithi hizo hofu ya adui anayesema lugha yako, anayekula chakula chako, na asiyejulikana mpaka siku ya mwisho.

Darko Suvin, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu ushairi wa utanzu huu, alisema kwamba bunilizi ya kisayansi huingiza jambo moja jipya katika ulimwengu wa msomaji, kisha humlazimisha auone ulimwengu huo kana kwamba ni wa kigeni. Na jambo hilo jipya sharti lielezeke kwa akili, lisiwe muujiza mtupu. Nadharia hiyo inatosha kwa sasa. Swali lenye manufaa zaidi kwa mwanafunzi wa Kiswahili liko ndani ya sarufi yake mwenyewe.

Mtu, kitu na jitu

Mtunzi wa Kiswahili anayemwandika kiumbe aliyejificha hukumbana na tatizo ambalo Heinlein hakuwa nalo. Kiingereza kina neno moja litumikalo kwa raia wa nchi nyingine na kwa kiumbe wa sayari nyingine. Kiswahili hakina. Husemwa "kiumbe kutoka anga za juu", "kiumbe wa sayari nyingine", au kwa ufupi zaidi "mgeni". Neno hili la mwisho limebeba salamu na chakula. Mzizi -geni umeenea katika lugha nyingi za Kibantu, na Mmeru wa Gakoromone anaposema mugeni anamaanisha mtu yuleyule ambaye Mswahili humwambia "karibu". Methali yasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haiulizi ametoka sayari gani.

Neno "kiumbe" nalo lina mambo yake. Limevaa kiambishi ki- kama kiti na kisu, lakini upatanisho wake ni wa A-WA: kiumbe amekuja, viumbe wamekuja. Hali ni hiyohiyo kwa kipofu, kiongozi na kifaru. Mofolojia humweka kiumbe pamoja na vyombo, ilhali sintaksia humtoa huko ikamketisha pamoja na watu na wanyama kwa sababu ana uhai. Tuseme basi kwamba katika Kiswahili kila kiumbe ni mgeni aliyejificha: jina lake lasema kitu, kitenzi chake chasema mtu.

Wenye mamlaka ya kutokuwa watu hawapatanishwi kwa njia moja. Mzimu unafanana kabisa na mtu kwa kiambishi chake, lakini husemwa mzimu umekasirika, mizimu imekasirika. Umevaa m- ya watu ukaingia katika U-I pamoja na miti. Roho ya mwanadamu hutoka, ikaenda zake. Roho Mtakatifu hushuka, akakaa. Neno moja, na imani imelihamisha ngeli. Maiti ni mfano mchungu zaidi. Wasemaji wengine husema maiti amefikishwa, wengine maiti imefikishwa, na mara nyingi jamaa wa marehemu hushikilia A hata pale karani wa chumba cha kuhifadhia maiti alipokwisha kuandika I. Upo ubishi kamili wa falsafa ndani ya herufi hizo mbili.

Zimwi hupatanishwa kwa LI: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Jini husemwa ameingia na pia limeingia, kutegemea msemaji anaogopa kiasi gani. Mtu akikuzwa huwa jitu, na jitu lina LI. Akidunishwa huwa kijitu, nacho kina KI. Mzizi ni mmoja, -tu, unaotupa mtu, kitu, jitu na utu. Hakuna mtunzi wa Kiswahili anayeweza kumwandikia kiumbe wake sentensi mbili bila kuamua anamweka wapi katika orodha hiyo. Finney aliweza kumficha kiumbe wake kwa kurasa mia nyuma ya kiwakilishi cha kawaida. Kwa Kiswahili siri hiyo hukaa katika kiambishi cha kitenzi, na siku ya kufichuka kwake msomaji huisikia kabla hajaelezwa: "akaingia" hugeuka "likaingia".

Zimwi bwana harusi na Popobawa

Fanani wa jadi walikuwa wakiutumia ugeuzi huo zamani. Katika ngano za Wakikuyu na za jamii jirani za Mlima Kenya, msichana mwenye maringo huwakataa wachumba wa kijijini, akampenda kijana mzuri asiyejulikana kwao, aliyemwona ngomani. Kijana ni zimwi. Kisogoni, chini ya nywele zilizosukwa vizuri, ana kinywa cha pili. Msichana hukiona wakiwa njiani, wakati nzi mmoja ametua hapo na kumezwa. Watoto husikiliza kisa hicho kama onyo dhidi ya maringo, na walimu wengi hukifundisha hivyo. Kuna jambo jingine ndani yake linalostahili kuzingatiwa: zimwi lilifaulu mtihani wote wa jamii. Lilijua kucheza ngoma, lilijua kusalimu wakwe, lilijua kutongoza. Lilishindwa na nzi.

Pwani na visiwani habari hazikubaki za ngano. Mwaka 1995, mwaka uleule Walenisi ilipochapishwa, hofu ya Popobawa ilienea kutoka Pemba hadi Unguja na kuvuka bahari hadi Dar es Salaam. Kiumbe huyo alisemwa kuwajia watu usiku majumbani mwao, na waliosimulia habari zake walidai kwamba mchana huweza kuwa mtu kama watu wengine. Familia zililala nje barazani, pamoja, kando ya moto. Mjini Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, ambaye alikuwa ametoka bara, aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye. Wanazuoni wamelieleza tukio la Popobawa kwa kurejelea siasa za uchaguzi wa mwaka huo, wengine kwa kurejelea elimu ya usingizi. Kwa mwanafunzi wa fasihi jambo zito ni lile la marehemu. Alikuwa mgeni asiyeweza kujieleza, na umati ukamtoa katika A-WA.

Serikali nazo zina njia zao za kuwasaka waliojificha. Mwezi Novemba 1989 serikali ya Kenya iliamuru raia wote wa asili ya Kisomali waliofikia utu uzima wajitokeze kuhakikiwa, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya rangi ya waridi, ambayo Wakenya wengine hawakuhitaji. Isiolo, mji uliohusika moja kwa moja, uko mwendo mfupi kutoka Meru kwa kuteremka barabara ya kaskazini. Mwenye kutoka huko kuja kununua mboga alikuwa na kitambulisho sawa na cha muuzaji, na bado akahitajiwa awe na karatasi ya pili ya kuthibitisha kwamba ile ya kwanza haisemi uongo. Hakuna riwaya ya Heinlein iliyobuni kitu kikavu namna hiyo.

Walenisi: sayari yenye jina la kisarufi

Katama Mkangi alikuwa mwanasosholojia, mzaliwa wa pwani ya Kenya, mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kabla ya Walenisi alikuwa ameandika Ukiwa (1975) na Mafuta (1984). Mwaka 1986, wakati serikali ilipokuwa ikiwatafuta waliodaiwa kuwa wanachama wa Mwakenya, aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1997 aligombea urais. Habari hizi hutajwa hapa kwa kuwa zinaieleza mahakama inayomhukumu Dzombo, mhusika mkuu wa riwaya: mwandishi aliyefungwa bila kuhukumiwa alimpa mhusika wake kesi.

Dzombo huhukumiwa kufa, na adhabu yenyewe ni kutiwa katika chombo na kurushwa angani. Badala ya kufa hufika katika sayari iitwayo Walenisi, ambako jamii imejengwa juu ya usawa, kazi ni ya wote na mali haimgawi mtu na mwenziwe. Huko hujifunza, akalinganisha, akaitambua upya nchi aliyotoka. Kwa muundo, riwaya ni ndugu wa Kusadikika ya Shaaban Robert (1951). Humo pia mna nchi iliyo angani, mna mshitakiwa, Karama, anayejitetea mbele ya baraza, na mna wajumbe sita waliopelekwa pande sita, ardhi na mbingu zikiwamo, wakarudi na maarifa na kulipwa kifungo. Mwanafunzi anayedai kwamba riwaya ya safari za angani haina mizizi katika Kiswahili na aanzie hapo.

Kama bunilizi ya kisayansi, Walenisi ina upungufu. Chombo chenyewe ni daraja la kumvusha Dzombo na hakiwi kitu cha kuchunguzwa. Suvin angeuliza kinakwendaje. Wenyeji wa sayari hugeuka wahadhiri mara kwa mara, na msomaji huanza kutamani angalau mmoja wao awe na wivu au deni. Udhaifu huu ni wa riwaya nyingi zinazosawiri jamii kamilifu, na hauondoi jambo kubwa alilolifanya Mkangi.

Jambo hilo limo katika jina. Walenisi ni sentensi iliyounganishwa: wale ni sisi. "Wale" ni kionyeshi cha mbali cha A-WA katika wingi. Viumbe wa sayari ya mbali wamekwisha kupewa upatanisho wa watu kabla ya msomaji kufungua ukurasa wa kwanza, na kitenzi kishirikishi kikawafunga na nafsi ya kwanza. Ile motifu ya Vita Baridi imepinduliwa. Kwa Finney, aliye kama sisi ni mwingine. Kwa Mkangi, aliye mwingine ni sisi, na anayetua akiwa mgeni, asiyejua desturi, mwenye kushangaza wenyeji kwa mawazo ya kikatili aliyoyazoea, ni binadamu.

Miaka ambayo riwaya hiyo ilitangulia kutoka haikuwa ya kawaida. Mwaka 1991 na 1992, siasa za vyama vingi zilipokuwa zikirejea, watu katika Bonde la Ufa walifukuzwa na kuuawa na majirani waliowaita madoadoa. Neno hilo lilisikika tena katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na mwaka 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ililiorodhesha miongoni mwa maneno ya chuki. Litazamwe kisarufi. Doa lina ngeli ya LI-YA. Aliyekuwa jirani, mwenye A, huwa kitu chenye YA, na kinachofanywa kwa madoa ni kuyaondoa. Anayesoma "wale ni sisi" baada ya kutafakari hayo hataliona jina la riwaya kuwa mchezo wa maneno.

Kiumbe katika Gakoromone

Chukulia sasa kwamba mwanafunzi amepewa zoezi la kuanzisha riwaya yake. Kiumbe amefika Gakoromone alfajiri, malori yakishusha mizigo, akiwa na umbo la binadamu lisilo na kasoro. Atagunduliwaje?

Waandishi wanaoanza hukimbilia macho yanayong'aa au damu ya kijani. Soko lina mitihani migumu zaidi. Wa kwanza ni lugha. Kiumbe aliyejifunza Kiswahili kwa kunasa matangazo ya redio atasema sanifu tupu, na sanifu tupu mbele ya rundo la viazi humtangaza mtu kuwa mgeni kuliko damu ya kijani. Kimeru hakitofautishi l na r kifonimu, na muuza maharagwe anaposema "rete" badala ya "lete" hana kosa la kusahihishwa. Ndiyo sauti ya nyumbani. Kiumbe akiiga sauti hiyo mapema mno atadhaniwa anadhihaki. Asipoiga, ataulizwa ametoka wapi.

Mtihani wa pili ni vipimo. Maharagwe hupimwa kwa gorogoro, na juu ya mkebe uliojaa huongezwa kichuguu ambacho hakuna sheria inayokieleza. Muuzaji akikikata kichuguu kwa kiganja, mnunuzi hununa. Akikiacha kikaporomoka kidogo, wameelewana. Kiumbe mwenye hesabu za kuvuka nyota ataona pale ujazo usio sawa kutoka mnunuzi mmoja hadi mwingine, na akijaribu kuusawazisha atakosa wateja kufikia saa nne. Riwaya nzima inaweza kukaa juu ya kichuguu hicho: kiumbe anayejifunza kwamba ziada ile ndiyo mazungumzo.

Wa tatu ni jina. Wauzaji wengi wa mboga ni wanawake, na sokoni mwanamke huitwa kwa mtoto wake: Mama Kendi, Mama Mwenda. Kiumbe asiye na mtoto hana jina la kuitwa kutoka meza ya tatu. Akichagua umbo la mwanamume mzee mambo huzidi kuwa magumu, kwa sababu wazee wa Kimeru hujuana kwa marika, kama vile Miriti au Guantai, na asiye na rika hana mahali katika hesabu ya miaka. Mwandishi mwenye uangalifu atamfanya kijana.

Wa nne ni asili, na hapa jibu si jepesi kwa wauzaji wenyewe. Masimulizi ya Wameru husema kwamba babu zao walikaa Mbwaa, mahali penye maji ambapo wasomi kadhaa wamependekeza kuwa ni kisiwa cha pwani ya kaskazini, chini ya watawala walioitwa Nguo Ntune, wenye nguo nyekundu. Watawala hao waliwapa kazi zisizowezekana. Baadhi ya masimulizi hutaja mkuki wa kufika mbinguni. Hatimaye waliondoka, maji yakafunguka, nao wakavuka kwa makundi: waliovuka usiku wakaitwa weusi, walfajiri wakawa wekundu, na waliovuka mchana wakawa weupe. Bernardo Bernardi aliyagusa masimulizi hayo katika kitabu chake cha 1959 kuhusu Mugwe, na Jeffrey Fadiman akayarejelea kwa kina mwaka 1993. Wanahistoria wanaendelea kubishana juu ya ramani yake. Kwa mtunzi inatosha kwamba watu wa Gakoromone, wakiulizwa sana, hujieleza kuwa wametoka kwingine kwa safari ya ajabu, wakikimbia viumbe wenye mavazi ya kutisha na amri zisizo na akili. Kiumbe wa zoezi anaposikia hayo kutoka kwa mzee anayekunywa chai kibandani, ana sababu ya kunyamaza kwa muda mrefu. Habari yake imekwisha kusimuliwa.

Lipo jambo moja ambalo mwanafunzi hana budi kuliamua kabla ya kuandika sura ya mwisho. Jirani wa meza, aliyemwazima kiumbe gorogoro yake tangu siku ya kwanza na kumwonyesha jinsi ya kuacha kichuguu, amegundua. Labda ameona kwamba mikono ya mwenzake haipati ubaridi asubuhi ya Julai, au kwamba hafungi macho vumbi linapopita. Mteja anauliza muuza viazi yuko wapi leo. Jirani anafungua kinywa, na kitenzi cha kwanza kinahitaji kiambishi. Lugha inamruhusu aseme "limekwenda", na hakuna mwalimu atakayemtia alama nyekundu. Inamruhusu pia aseme "amekwenda kuchukua mzigo, atarudi."